ABACA haitoshi kukueleza rondo

Mara ya kwanza kupewa swali la rondo, yaani muziki ambao mada yake kuu inarudi tena na tena katikati ya sehemu nyingine (ndo hiyo ABACA, kila herufi sehemu yake), nilichemka vibaya. Ilikuwa Für Elise ya Beethoven, ile ya mwaka 1810 ambayo siku hizi hata midoli ya watoto inaipiga, nikaambiwa nionyeshe sehemu zake, nikajaza herufi kwa mbwembwe zote. Kumbe ile mada ya mwanzo ina kipande chake kidogo cha kati kinachoegemea ufunguo wa C meja halafu kinarudi, mi nikadhani ndo sehemu B tayari. Wapi! Bado tuko sebuleni, hata mlango hatujafungua. B yenyewe inakuja baadae kwenye F meja, imechangamka, vidole vinakimbia.

Ukifundishwa rondo unaambiwa A ni kibwagizo, B na C ni matembezi, basi. Sio uongo. Ila kibwagizo cha shairi unajua kabisa kitakaa mstari wa mwisho wa ubeti, huna wasiwasi nacho, lakini kwenye rondo mtunzi anajua unakisubiri na anakuchezea hapohapo. Ndo maana mi siku hizi nikichambua naanza na njia ambayo mada inapita kurudi, hizo herufi nazijaza mwishoni.

Ebu sikiliza sehemu B ya Für Elise inavyoisha. Noti za E na D shapu zinaanza kupokezana, zinapokezana weee, na kwa vile mada yenyewe inaanza na noti hizohizo mbili unashindwa kujua kama imeshaanza au bado tunabembelezwa mlangoni. Sehemu C nayo ina mbinu yake: mkono wa kushoto unagonga noti ya A ileile chini kama mtu mwenye hasira, baadae wa kulia unapanda mbio mpaka juu kabisa kisha unashuka nusutoni kwa nusutoni, yaani kwa hatua ndogo kuliko zote za kinanda, na ukija kushtuka umeshatua kwenye E na D shapu. Nyumbani tena.

Lakini bingwa wa uchokozi huu kwangu ni mtunzi Haydn, sio Beethoven. Kwateti yake ya nyuzi, yaani muziki wa wapigaji wanne wa ala za nyuzi, Opus 33 namba 2, ya 1781, inaitwa Mzaha na jina limeikaa. Sehemu yake kubwa ya mwisho ni rondo ya kasi, mada imerudi mpaka umeizoea, ghafla breki, panaingia adajo, mwendo wa polepole, nzito kama ya msibani, halafu mada inarudi imekatwakatwa, kipande, kimya, kipande, kimya, kipande cha mwisho, watu wanapiga makofi wakijua imeisha. Bado. Kinapita kimya kirefu kuliko vyote, halafu wapigaji wanapiga kwa sauti ya chini sana kile kipande cha kwanza cha mada, kana kwamba ndo wanaanza upya, na wanashusha pinde zao hapohapo.