Boundary Estate: matofali yanabebeshwa kosa la kodi

Ukisoma habari za Boundary Estate, mtaa wa maghorofa unaozunguka Arnold Circus, mashariki mwa London, hukosi kukutana na namba 11. Halmashauri ya jiji ilibomoa makazi duni ya Old Nichol, watu 5,719 wakapoteza makao, na mtaa mpya ulipofunguliwa rasmi mwaka 1900, waliorudi kupanga ni 11 tu. Basi, wanasema wakosoaji, urembo wa majengo yale ulijengewa wenye nazo.

Namba ni ya kweli, na inauma. Ila tuulize kilichowazuia. Mradi ulitakiwa ujilipe wenyewe, kwa hiyo kodi ya pango ilibeba gharama. Masharti yalikataza kuzidi watu wawili kwa chumba, na familia za Nichol zilizoea kubanana chumba kimoja. Halafu ujenzi ulichukua miaka. Aliyevunjiwa hakai barabarani akisubiri: anatafuta chumba mtaa wa pili, na akishapata, kurudi kwa nini?

Owen Fleming na wenzake, wasanifu majengo vijana wa halmashauri waliovutiwa na William Morris na Philip Webb wa harakati za Sanaa na Ufundi (Arts and Crafts, zilizothamini kazi ya mikono), waliyakataa majengo yaliyofanana na kambi ya jeshi, ambayo wafadhili wa enzi zile waliyaona yanawatosha maskini. Wakapanga matofali mekundu na ya manjano kwa mistari, wakaweka mapaa yenye pembe na madirisha ya kuingiza mwanga. Kifusi cha Nichol kikafanywa kilima cha bustani katikati, na jukwaa la bendi juu yake. Karakana 77 zilijengwa kwa ajili ya mafundi. (Baa, hakuna hata moja.)

Hoja nzito ya wakosoaji, ambayo wengi wao hawaigusi, imo kwenye ramani: kati ya fleti 1,069, za chumba kimoja zilikuwa 15. Hapo mlango ulifungwa kweli, na asiye na uwezo wa vyumba viwili alijua hapamhusu. Lakini hata ungeondoa mistari yote ya manjano, vyumba vingebaki vilevile, na sharti la kujilipa lingebaki palepale. Ruzuku ya serikali kuu kwa nyumba za halmashauri ilikuja na sheria ya 1919, karibu miaka ishirini baada ya wale 11 kupata funguo.