Kabla ya kusema babu alipigana Burma, itazame vizuri picha

Ukisikiliza hotuba za matangani hapa Uganda, utadhani hakuna mzee aliyezaliwa kabla ya 1925 ambaye hakupigana Burma, Myanmar ya leo, kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Ikipatikana picha moja tu ukutani, marehemu kavaa gwanda na kofia pana, basi imekwisha: alipigana Burma, aliua Wajapani, alilala msituni na nyoka. Watoto wanaitikia kwa vichwa, wajukuu wananakili kwenye kijitabu cha mazishi, na baada ya miaka kumi hakuna wa kupinga. Picha ambayo ingeweza kuulizwa imening'inia pale pale, imepata vumbi, hakuna aliyeisogelea hata kwa miwani.

Sisi wa Uganda tunayo sababu yetu ya kuwa waangalifu na hadithi hii. Idi Amin naye alikuwa akijinadi kwamba alipigana Burma. Aliandikishwa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1946, vita vimeshakwisha, akaanzia jikoni akiwa msaidizi wa mpishi. Alipokamata nchi alijitunuku nishani iliyoitwa Victorious Cross, ikiiga Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza, ili herufi VC zikae nyuma ya jina lake. Beji ya mabawa ya miavuli aliyoipata kwa Waisraeli aliendelea kuivaa hata baada ya kuwatimua mwaka 1972. Kifua cha mkubwa kinaweza kudanganya. Kifua cha koplo wa mwaka 1945 ni habari nyingine: huyo alivaa alichopewa stoo, akakaguliwa na sajini kila asubuhi, na riboni, kile kitambaa cha rangi kinachowakilisha nishani, isiyo yake ingemtia matatani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana picha za watu wadogo naziamini kuliko za marais.

Zinahitaji tu kusomwa kwa utaratibu. Mimi huanzia kichwani na kumalizia miguuni.

Kofia kwanza. Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi kadhaa, kimojawapo Uganda Rifles, ambacho kiini chake kilikuwa wale wanajeshi wa Kisudani wa Emin Pasha, gavana wa zamani wa jimbo la Equatoria, mababu wa Wanubi wa Bombo. Tarabushi, kofia ya mviringo isiyo na ukingo, waliyoivaa watu wa batalioni ya nne, yaani ya Uganda, ilitoka kwenye ukoo huo. Kazini ilifunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo, na mbele ikabandikwa namba ya batalioni, wakati mwingine kwa tarakimu za Kiarabu. Kwa hiyo ukiona alama kama ٤ kwenye kofia, usiseme ni hirizi. Ni nne. Kofia pana ya ukingo uliokunjwa upande mmoja ni ya Vita vya Pili. Lakini tarabushi peke yake haimfanyi mtu mwanajeshi, maana polisi nao waliivaa. Nimeona familia inayosujudia picha ya mpiganaji ambaye kila kifungo chake ni cha polisi.

Miguu watu hawaitazami, na miguu ndiyo inayosema sana. Askari wa zamani walitembea pekupeku au na ndala za ngozi, miundi imezungushiwa vitambaa, kwa sababu wakubwa waliamua kwamba buti zingemsumbua Mwafrika. Picha ya paredi yenye kofia safi, mkanda unaong'aa na vidole vitupu vya miguu, hiyo haiwezi kuwa Burma.

Kisha mikono. Tepe moja, mbili au tatu zenye ncha chini ni cheo, kuanzia koplo usu hadi sajini. Tepe za karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, ncha juu, katika jeshi la Waingereza zilikuwa za mwenendo mwema, si cheo, na hizi zimewapandisha wazee wengi usajini baada ya kufa. Na anayesema babu yake alikuwa luteni wa Keya mwaka 1950, mwambie kwa upole akae. Waganda wa kwanza kupewa uafisa kamili kwenye kikosi hicho walikuwa Amin na Shaban Opolot, mwaka 1961. Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa na ukapteni, ila ule ulikuwa wa heshima, wa Grenadier Guards huko Uingereza.

Nikutolee mfano wa kwetu. Tunayo picha ya babu mzaa mama: amesimama studio, nyuma pazia lililochorwa nguzo na ngazi, kofia pana, tepe mbili, na juu ya mfuko wa kushoto riboni mbili bila nishani zake. Nyuma ya picha mjomba ameandika kwa kalamu ya wino: "Burma, 1943."

Riboni huvaliwa kwa mpangilio, ya kwanza ikiwa karibu na vifungo vya katikati. Ya kwanza hapa ni mistari mitatu iliyolingana upana, na hiyo ni ya 1939–45 Star: buluu iliyoiva, nyekundu, buluu ya mbingu. Ya pili ndiyo yenye ubishi. Burma Star ina nyekundu pana katikati na buluu iliyoiva pembeni, na ndani ya kila buluu kuna mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Africa Star, waliyopewa waliopigana Uhabeshi na Afrika Kaskazini, ina rangi ya mchanga, nyekundu katikati, halafu mstari mwembamba wa buluu iliyoiva upande mmoja na wa buluu ya mbingu upande wa pili. Kwa rangi huwezi kuzichanganya. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, zote mbili ni doa lenye weusi katikati.

Na kuna mtego. Filamu nyingi za kamera za zamani hazikuiona nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, rangi ya chungwa ikaiva, na buluu ikapauka kuliko ilivyo. Ndiyo sababu tarabushi nyekundu tunaziona nyeusi tii kwenye albamu zetu. Kwa filamu ya aina hiyo, buluu ya Burma inapauka mpaka inafanana na mchanga wa Africa Star. Sasa utajuaje filamu ilikuwa ipi? Riboni ya kwanza inakujibu, kwa kuwa rangi zake tunazijua tayari. Kama mstari wa buluu iliyoiva ndio mweusi kuliko yote, filamu iliona nyekundu vizuri. Kama wa katikati ndio mweusi zaidi, filamu haikuiona. Kwa babu, wa katikati ni mweusi kama lami. Basi kwenye riboni ya pili, ile mistari miwili myembamba iliyoiva, sawasawa pande zote mbili, ni rangi ya chungwa. Ni Burma.

Mjomba alifurahi, na alistahili. Lakini Burma Star ilianzishwa Mei 1945, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya 1943. Ilipigwa mwishoni mwa vita au aliporudi. Na begani, ukikuza picha, herufi za shaba hazisomeki lakini zinahesabika. Keya ni tatu: KAR. Hizi ni tano. Kwa Afrika Mashariki, tano zinaelekea EAASC, yaani East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na ugavi. Babu, kwa ushahidi wa bega lake, anaelekea kuwa alikuwa mtu wa malori.

"Sasa wewe mpwa wangu unataka kumshusha baba yangu cheo?" Mjomba hakutania.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wazee wetu. Kwani dereva ana aibu gani? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule, matope mpaka magotini, na kila risasi na kila gunia la chakula lilisukumwa mbele na mtu. Desemba mwaka huo daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa, lilikamilika Kalewa juu ya mto Chindwin, futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani wakati huo. Bila malori, bunduki zingekaa kimya. Hadithi ya bunduki tumeipenda kwa sababu ndiyo tuliyofundishwa kuipigia makofi. Mama mdogo aliposikia habari ya malori alisema tu kwamba ndiyo maana babu aliporudi alipata lori la pamba la kupeleka jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, mara moja, wenzake wakirudi kwenye majembe. Jambo hilo halikuwahi kusemwa matangani hata mara moja.

Siku hizi adui mkubwa wa picha hizi ni simu. Binamu mmoja aliipitisha picha ya babu kwenye programu ya kupaka rangi na "kusafisha." Ikarudi nzuri mno: uso laini, kofia ya kijani, na riboni mbili zimekuwa kibandiko kimoja cha dhahabu. Herufi tano za begani zimegeuka ua. Programu haijui EAASC ni nini, inajaza pengo kwa chochote kinachopendeza, na nakala hiyo ndiyo iliyosambaa kwenye kundi la ukoo. Ukitaka kupaka rangi, paka, ila nakala halisi ipigwe kwanza mchana, karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma. Na tazama vifungo: shati na koti la mwanamume upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Kikiwa kinyume, picha imegeuzwa wakati wa kuchapwa, na riboni zilizoonekana "kulia" ziko kushoto kama kawaida.

Kuna picha nyingine ambazo hazina kofia kabisa, na si kwa bahati mbaya. Baada ya Kampala kuanguka na Amin kung'olewa Aprili 1979, kukutwa na picha ya ndugu mwenye sare kulitosha kukuponza, hasa ukiwa mtu wa West Nile, kwao Amin, au Mnubi. Watu walichoma, walifukia, na wengine walichukua mkasi. Kwetu zipo mbili zilizokatwa juu ya nyusi. Anayeona hofu hiyo ni ya kale akumbuke kwamba mwaka 2019 serikali ilitangaza rasmi bereti nyekundu, iliyokuwa alama ya wafuasi wa mpinzani Bobi Wine, kuwa vazi la jeshi, na raia wakaanza kuzificha.

Mkasi wa mwaka 1979 uliondoa kofia, lakini mara nyingi uliacha mabega na mikono. Moja ya hizo mbili ina tepe tatu, mkanda wenye bamba la mbele, na kipande cha mkono wa mtu wa pili aliyekatwa mzima. Huyo wa pili ana saa kwenye mkono wa kulia. Nimeshawauliza wazee watatu wa upande wa baba ni nani katika ukoo aliyevaa saa kulia, na wawili wametaja jina lile lile.