Kiki wafanye wao, bando tununue sisi

Hivi nyie wenzangu hamjachoka na hizi kiki za wasanii, vituko vya kutafuta kuzungumziwa, au ni mimi tu huku Kigoma mwisho wa reli? Maana siku hizi msanii akitaka kutoa ngoma, ngoma yenyewe inakuja mwisho kabisa, kwanza ataachana na mpenzi wake, atafuta picha zote Insta, ataposti kamstari ka huzuni usiku wa manane, huku kwetu mtaa wa Mwanga kijiwe kizima tunabishana nani kamuacha nani, siku ya tatu ngoma hiyo hapo na kwenye video yupo yuleyule aliyeachwa. Bando limeisha kwa kufuatilia msiba usio na maiti.

Sikatai, biashara matangazo. Ila naona bidhaa yenyewe siku hizi ndo hayo makelele.

Na hizi views wanazotutambia! Mwaka 2019 YouTube wenyewe walitangaza kwamba views za matangazo ya kulipia hazihesabiwi tena kwenye chati zao za muziki, kwa sababu watu walikuwa wanaweka hela wanapandisha namba, na 2025 wakauondoa kabisa ule ukurasa wa Trending, wa video zinazovuma, ambao wabongo tulikuwa tunatukanana kwa ajili yake. Watu wameblokiana kisa namba za kununua, dah.

Huku Kigoma sasa wana mtego wao spesho, "mtoto wa nyumbani anarudi". Kigoma imetoa mastaa kweli, na mapromota wanajua tunavyojisikia. Gari la matangazo linazunguka Ujiji mpaka Mwanga, spika zimefungwa juu, jamaa anabwata na kuchomekea Kiha cha kubabaisha, tunalainika, tunatoa hela. Shoo moja niliyoenda huyo mtoto wa nyumbani kapanda stejini saa nane usiku, kaimba juu ya CD, muda mwingi maiki katugeuzia sisi tumuimbie, nyimbo nne kasepa. VIP yenyewe viti vya plastiki na kamba (na bado kuna watu walikunja sura eti tusiwakanyage).

Waliopiga kazi ni madogo wa Ujiji, wale ambao kwenye posta waliandikwa "na wengine kibao" chini kule pembeni ya nembo ya bia. Dogo mmoja kaimba laivu mpaka sauti ikakauka. Hao hawana kiki wala views, ila ukipita kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi pale sokoni ulizia ngoma zao, wanakuwekea, na ni kali kinoma.