Lea Salonga hakuokotwa

Habari za Lea Salonga, mwimbaji wa Ufilipino, hupendwa kusimuliwa hivi: mwaka 1988 watayarishaji kutoka London walitua Manila wakitafuta binti wa kuigiza Kim, mhusika mkuu wa tamthilia ya nyimbo Miss Saigon. Wakamkuta msichana wa miaka 17, mwanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila, wakamsikiliza, wakaduwaa, wakaondoka naye. Septemba 1989 tamthilia ikafunguliwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Drury Lane. Mwaka 1990 akatwaa Olivier, tuzo kuu ya maigizo ya London, na 1991, ana miaka 20, akatwaa Tony, ile ya New York. Watoto wa nchi nyingi wakamsikia bila kumjua jina, maana katika filamu za katuni za Disney, Jasmine wa Aladdin na Mulan wakianza kuimba, anayeimba ni yeye, ingawa maneno ya kawaida yalisemwa na waigizaji wengine.

Hakuna uongo humo. Kilichorukwa ni miaka kumi.

Lea alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1978, ana umri wa miaka saba, katika The King and I ya kampuni ya Repertory Philippines. Mwaka 1980 alikuwa Annie mwenyewe, yatima anayebeba tamthilia ya jina hilo. Mwaka uliofuata akatoa albamu ya kwanza, Small Voice. Kwa hiyo yule msichana wa usaili alikuwa mfanyakazi mzoefu. Aliimba On My Own, wimbo aliouchagua, kisha akapewa Sun and Moon, wimbo wa Miss Saigon uliokuwa mgeni kabisa kwake, ajifunze na kuuimba papo hapo. Kipaji kinaweza kukupitisha kwenye wimbo unaoujua. Kupokea karatasi ya wimbo usioujua, mbele ya mtunzi wake, na kuutoa ukiwa na maana, hilo hutokana na mazoea ya kazi. Na tusisahau kwamba aliyepokezana naye nafasi ya Kim huko London alikuwa Monique Wilson, Mfilipino mwingine aliyelelewa tangu utotoni na kampuni hiyohiyo ya Repertory. Wawili kutoka nyumba moja, kwa nafasi moja, mwaka mmoja. Ukiita hiyo bahati, unaidharau nyumba iliyowalea.

Swali la leo, basi, ni kama njia hiyo, ya kumwingiza mtoto katika maigizo ya nyimbo akiwa mdogo kisha kumvusha kwenye muziki wa pop, ni njia njema kuliko ile iliyoshika Ufilipino kwa sasa, yaani mashindano ya kuimba ya televisheni. Wapinzani wa maigizo wana hoja nzito, na nitazifikia. Lakini hoja inayosikika zaidi, kwamba jukwaa humtumikisha mtoto usiku na mchana ilhali televisheni humpa dakika mbili tu za kuimba, imegeuzwa juu chini.

Tazama kazi inavyokwenda. Mtoto anayechukuliwa kwenye tamthilia kwa kawaida hachukuliwi peke yake. Nafasi hugawiwa watoto wawili, wakati mwingine watatu, na kila mmoja hujifunza kila kitu: maneno, nyimbo, hatua, na mahali hasa pa kusimama ili taa imwangukie usoni. Mazoezi huanza kwa kukaa na piano, kila wimbo ukigawanywa vipande vya mistari michache. Kisha mwili huongezwa, mtoto aimbe huku anatembea, kisha anakimbia, kisha amebeba ndoo. Hapo ndipo mambo huharibika kwa mara ya kwanza: pumzi iliyotosha ameketi haitoshi akiwa mbioni, naye hufidia kwa kukaza koo. Mwalimu mzuri hapandishi sauti ya mtoto. Hurudi nyuma, hubadilisha mahali pa kuvuta pumzi, au humwambia mwongozaji aipunguze ile mbio. Siku za kupanga taa na mitambo, ambazo ni ndefu na za kuchosha, mtoto huambiwa aimbe kwa nusu sauti, kwa sababu hakuna anayemsikiliza. Wanaoangaliwa siku hiyo ni mafundi.

Kuna sababu ya kimwili ya tahadhari hiyo. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi, na tabaka zake za ndani hazijakomaa. Hukamilika kuelekea mwisho wa ujana. Ukimlazimisha kupeleka sauti nzito ya kifua juu sana kila siku, nyuzi hugongana kwa nguvu, huvimba, na uvimbe ukirudiwarudiwa huota vinundu. Dalili ya mwanzo si maumivu. Ni sauti kuchelewa kutoka asubuhi, na noti laini za juu kupotea huku zile za kupiga kelele zikibaki. Ndiyo maana watu hudanganyika: mtoto bado anaweza kupaza, basi huonekana mzima.

Sasa geukia mashindano. Ufilipino ina jina la mtindo huo, birit, yaani kupaza hadi kileleni, na anayeumudu huitwa biritera. Mpangilio wa wimbo wa mashindano unajulikana: beti ya utulivu, kiitikio, kisha ufunguo unapanda, yaani wimbo mzima unahamia sauti ya juu zaidi, na noti ndefu ya mwisho ndiyo inayowainua watazamaji vitini. Una nafasi moja. Mtoto aliyefundishwa kwa ajili ya nafasi moja hufundishwa noti ile moja, nyumbani, mara nyingi na mzazi, saa baada ya saa. Regine Velasquez, mwimbaji nyota wa Ufilipino ambaye ushindi wake wa televisheni wa 1984 uliwafungulia wengi njia, amesimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyomfundisha kuimba akiwa amezama baharini mpaka shingoni. Alitoka malkia. Hatuna namna ya kuwahoji waliofundishwa vivyo hivyo wakatoka bila sauti. Dakika mbili za televisheni ndizo zinazoonekana; mamia ya saa zilizozitangulia hayaandikwi kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Na hapa inafaa kukaa kidogo na sheria, maana wengi huitaja bila kupiga hesabu yake. Ufilipino ina Sheria ya Jamhuri namba 9231 ya mwaka 2003. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kufanya kazi isipokuwa chini ya wazazi wake au katika burudani na habari, kwa kibali cha wizara ya kazi. Akiruhusiwa, hawezi kuzidisha saa 4 kwa siku wala 20 kwa wiki, na kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi haruhusiwi kabisa.

Chukua tamthilia ya saa 2 na nusu. Mtoto hufika saa moja kabla, apashe sauti, avae, asukwe nywele. Hiyo ni saa 3 na nusu, iko ndani ya 4. Wiki ya maonyesho manane, ile ya London na New York, ni saa 28. Imevunja kikomo. Maonyesho matano ni saa 17 na nusu, bado salama. La sita linafika 21. Kwa hiyo hata ukisahau usiku, hesabu peke yake inalazimisha angalau watoto wawili kwa nafasi moja. Ukiukumbuka usiku ndipo mambo yanabana kwelikweli: onyesho linaloanza saa 2 usiku haliingiliki kabisa kwa mtoto wa miaka kumi, na la saa 1 hulazimika kumwachia katikati ya sehemu ya kwanza. Yanabaki maonyesho ya mchana. Kampuni inayofuata sheria kama ilivyoandikwa hupanga upya ratiba yake yote kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye mistari arobaini. Lea wa 1978 hakuwa na kinga hiyo. Sheria ilikuja robo karne baadaye.

Sheria hiyo inagusa fedha pia. Kipato ni mali ya mtoto mwenyewe. Familia inaweza kutumia kwa mahitaji ya pamoja si zaidi ya asilimia 20, na mtoto anayeingiza peso 200,000 au zaidi kwa mwaka lazima awekewe angalau asilimia 30 katika mfuko wa amana mpaka akue. Ukaguzi wa saa na mapato ya namna hii ni rahisi penye daftari la mahudhurio, meneja wa jukwaa anayeandika nani kaingia saa ngapi, na malipo kwa kila onyesho. Ni mgumu sana penye mtoto mmoja, zawadi moja kubwa, na mwaliko wa kuimba kila sikukuu ya mji.

Nimesema wapinzani wana hoja nzito. Nzito kuliko zote ni hii: maigizo ya Manila aliyokulia Lea yalikuwa ya Kiingereza. Repertory Philippines ilianzishwa 1967 na Zeneida Amador na Baby Barredo, na sifa yake ilikuwa kuleta kazi za Broadway na West End, kumbi kuu za New York na London, kwa Kiingereza chake kilekile. Mtoto wa kuingia hapo alihitaji Kiingereza kinachotiririka, mzazi mwenye muda wa kumpeleka mazoezini na kumrudisha, na nyumba isiyotegemea chochote atakacholipwa. Mlango huo ulikuwa mwembamba. Lyca Gairanod, aliyeshinda The Voice Kids ya kwanza, shindano la televisheni la watoto, mwaka 2014 akiwa na miaka tisa, ni mtoto wa mvuvi wa mkoa wa Cavite. Sehemu ya zawadi yake ilikuwa nyumba. Hakuna kampuni ya maigizo iliyokuwa ikimsubiri. Anayeyakejeli mashindano na ajibu kwanza mtoto huyo angepitia wapi.

Hoja ya pili ni ya soko. Maigizo hutengeneza waimbaji wa maigizo, husemwa, wenye matamshi safi mno na hisia zilizopimwa, na pop haiwataki. Ushahidi upo tena mchungu. Katika filamu ya Aladdin, wimbo A Whole New World uliimbwa na Lea pamoja na Brad Kane, na wimbo ukashinda Oscar. Lakini uliofika namba 1 kwenye chati ya nyimbo ya Billboard huko Marekani, Machi 1993, ni wa Peabo Bryson na Regina Belle, uliorekodiwa upya kwa ajili ya redio. Mtoto wa mashindano alifika mbali zaidi kwenye chati za albamu za Marekani: Jake Zyrus, akijulikana wakati huo kama Charice, alitoka kwenye Little Big Star ya televisheni, video zake zikasambaa YouTube, na mwaka 2010 albamu yake ikaingia Billboard 200 kwenye nafasi ya 8.

Nakubali. Ila angalia kilichonunuliwa. Soko lilinunua noti za juu za mtoto, na noti za juu za mtoto hazidumu. Za Zyrus zilibadilika pale alipoanza kuishi kama mwanamume na kubadilisha jina mwaka 2017, akalazimika kujenga upya kila alichojulikana nacho. Lea naye alibadilika sauti kati ya Annie na Kim, kama kila msichana anavyobadilika, lakini hakuna aliyeliona kuwa tatizo kwa sababu bango la ukumbini lilikuwa na jina la tamthilia. Mtoto akikua kupita kimo cha nafasi yake, au akiumwa koo Jumamosi, mwenzake anaingia na pazia linafunguka kwa wakati. Mtoto huyo anajifunza akiwa mdogo kwamba anaweza kupumzika na dunia isiishe. Televisheni inauza sura moja. Sura hiyo ikiumwa, hakuna kipindi.

Kwa hiyo udhaifu wa maigizo ni wa mlango, na mlango unaweza kupanuliwa kwa hatua zinazojulikana. Usaili ufanyike kwa Kifilipino na kwa lugha za mikoani, kama Kisebuano. Mtoto na mzazi wake walipwe nauli na chakula cha siku za mazoezi, si za maonyesho tu. Nafasi za watoto zigawiwe watatu watatu, wawili wasiokuwa na historia yoyote ya jukwaa wakae na mmoja mwenye nayo. Udhaifu wa mashindano uko kwenye umbo lake lenyewe, nafasi moja na noti moja, nao hautibiki kwa nauli. Yanayoweza kupunguza madhara ni machache: kupiga marufuku kupandisha ufunguo kwa walio chini ya miaka 12, kila mtoto kuimba nyimbo mbili na wa pili uwe wa sauti ya chini, na saa za mazoezi ya nyumbani kuulizwa kwenye fomu ya kujiunga. Watayarishaji watasema vipindi vitapooza, na huenda ni kweli.

Lea mwenyewe amekaa pande zote mbili. Tangu 2013 alikuwa mmoja wa makocha wa The Voice ya Ufilipino, kisha ya watoto, akizunguka kwenye kile kiti chekundu, ambacho kocha hukigeuza anapoipenda sauti, mbele ya watoto waliofunzwa kwa ajili ya noti moja.