Bwana Badilisha-Tena

Rafiki yangu ameshaimwaga habari kwenye kila grupu nililomo, na chumvi katia ya kutosha, kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe. Eti nililia. Sikulia. Macho yalitoa maji tu.

Mnaoandika miongozo kwa XML (lugha ya kupanga maandishi kwa alama) kisha mnaigeuza kuwa PDF mnaijua kazi yenyewe. Jina la mteja huliandiki kila mahali; unaliweka kwenye faili la entiti, yaani vifupisho vinavyosimama badala ya maneno, halafu popote linapotakiwa unaandika &mteja; na mashine inajaza. Sasa, wakati wa rasimu jina rasmi la mradi wa mteja wetu lilikuwa halijaamuliwa, maana kila tukimpelekea kitu jibu lake ni moja: badilisha tena. Basi kwenye faili la pamoja la majina nikaandika:

<!ENTITY mteja "Bwana Badilisha-Tena">

La muda tu. (Msinitazame hivyo. Nanyi mna mafaili yenu.)

Jina rasmi lilipopatikana nikalitangaza ndani ya waraka, mstari mmoja chini ya pale ninapoliita lile faili la majina. Nilikuwa nimetoka kuhangaika na XSLT, lugha ya kuigeuza XML kuwa kitu kingine, na huko ukitumia xsl:import, kanuni zako ndizo zinazoshinda zile za faili uliloliingiza. Nikadhani na entiti ni hivyo hivyo. Kumbe kwa entiti wa kwanza kutangazwa ndiye mwenye nyumba. Wa pili anafungiwa nje, na hakuna anayekuambia. Na parsa, programu inayoisoma XML, ni ile ile iliyokuwa imenigomea kwa sababu ya &nbsp; tu, alama ya nafasi tupu, eti haijatangazwa, kwa kuwa XML ina entiti 5 za kuzaliwa nazo na nbsp haimo! Kwa nafasi tupu inapiga yowe. Kwa aibu yangu, kimya.

PDF niliikagua, jamani. Niliangalia pambizo, nikaangalia lile jedwali refu lililokuwa likikatika katikati. Nani anasoma jina la mteja?

Mteja anasoma.

Siku ya kikao na mteja, ukurasa wa kwanza ukapanda ukutani kwa projekta. Herufi nene, za kati, kwa sababu stailishiti, faili la kupanga mwonekano, nimeiandika mimi na mstari ule niliupenda uonekane: "Umeandaliwa kwa ajili ya Bwana Badilisha-Tena." Bosi alikuwa ameupa ukuta mgongo, anaisifia timu. Kipanya ninacho mimi. Nikasogeza haraka ukurasa wa pili, na kule juu, kwenye kichwa cha ukurasa: Bwana Badilisha-Tena. Wa tatu: yumo. XSL-FO, lugha inayopanga kurasa za PDF, ukishaiambia kichwa kijirudie, haina huruma. Yaliyomo: "Sura ya 3: Majukumu ya Bwana Badilisha-Tena." Shukrani: "Tunamshukuru Bwana Badilisha-Tena kwa uvumilivu wake."

Mteja akatoa miwani mfukoni. Akaifuta. Akaivaa, sikio moja, kisha la pili.

"Rudi nyuma kidogo, kijana."

"Sawa, mzee."

Nikarudi. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi nukta. Bosi akageuka. Nikataka kulifunga faili; kidole kikaangukia kitufe cha kupeleka mwisho wa waraka, na hapo ukutani, peke yake kwenye ukurasa mweupe:

"Sahihi ya Bwana Badilisha-Tena: ……………"

Rafiki yangu, aliyekuwa pembeni akiandika kumbukumbu za kikao, alitoa mlio wa birika lililochemka. Hiyo sehemu hajawasimulia, sivyo?

Mengine ni mafupi. Mteja alicheka, tukaomba radhi, tangazo nikalipandisha juu ya faili la majina, PDF mpya ikatoka, akasaini. Jedwali akataka libadilishwe tena. Sikuthubutu hata kutabasamu. Bosi akasema kuanzia sasa faili la majina atalipitia mwenyewe, nimtumie mara moja.

Nilikuwa nimeshabonyeza tuma ndipo nikakumbuka kwamba mstari unaofuata ni wa &bosi;.