Wakuu wa pensheni California: nani atoke kwenye utumishi wa umma?

Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya California iliigomea bodi ya CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa jimbo hilo. Bodi ilidai kuwa Proposition 162, marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyopitishwa na wapiga kura mwaka 1992, yameipa mamlaka kamili ya kuendesha mfuko, hivyo inaweza kuwatoa mameneja wa uwekezaji kwenye utumishi wa umma, yaani wabaki kazini lakini kanuni za ajira za serikali zisiwabane. Mahakama ikakataa: kusimamia mfuko hakufuti kanuni za ajira zilizomo kwenye katiba.

Hoja ya bodi haikuwa ya kipuuzi. Ajira ya kawaida ya jimbo ina tangazo, mtihani, orodha ya waliofaulu, kisha mwajiri huchagua kutoka ngazi tatu za juu tu. Bingwa wa masoko hasubiri mlolongo huo, tena kwa mshahara wa serikali.

Tatizo ni kwamba kumtoa mtu kwenye utumishi ni mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: kuajiri, kulipa na kufukuza. La mshahara halihitaji katiba kuguswa. Kifungu cha 20098 cha sheria za jimbo kinairuhusu bodi kupanga malipo ya mkurugenzi mtendaji, mkuu wa uwekezaji na mameneja wake.

Utata uko kwenye kufukuza. Mtumishi wa kudumu hupewa notisi yenye sababu na vielelezo, hujibu kabla adhabu haijaanza, kisha ana haki ya kukata rufaa kwenye State Personnel Board, bodi ya jimbo inayosimamia utumishi wa umma. Mzembe hunufaika na mzunguko huo, lakini pia mkaguzi aliyekataa kuidhinisha malipo ya rafiki wa mjumbe wa bodi.

Watetezi wa utumishi wanaweza kumtaja Fred Buenrostro, mkurugenzi mtendaji wa CalPERS wa 2002 hadi 2008, aliyekiri kosa mwaka 2014 baada ya kupokea hongo taslimu, nyingine ndani ya boksi la viatu. Mfano huo unawasaidia kidogo tu. Mtihani haupimi tamaa, na mtoaji wa hongo alikuwa wakala wa kuzitafutia kampuni za uwekezaji fedha za mifuko ya pensheni, aliyewahi kukaa kwenye bodi hiyohiyo. Dawa yake ilikuwa sheria ya 2010 ya kuwasajili mawakala wa aina hiyo kama washawishi wa serikali (lobbyists).

Kwangu, mkurugenzi mtendaji na mkuu wa uwekezaji watoke, wafanye kazi kwa ridhaa ya bodi. Mkaguzi wa ndani na mwanasheria wa mfuko wabaki na kinga yao yote.