Begi lilivyokuwa jepesi nikajua nimeiva

Hii nahadithia mwenyewe kwa sababu shemeji ameshaanza kuihadithia kwa watu na anaongeza chumvi, sasa bora muisikie kwa mwenye mali.

Mimi na shemeji, kaka yake mke wangu, tuliamua kuingia kwenye mambo ya rakingi. Kwa asiyejua, ni kutembea tu, ila mgongoni una begi lenye uzito na unatembea masaa. Sasa kwanini mtu mzima abebe mzigo ambao haupeleki popote? Mke wangu aliuliza hivyohivyo na jibu sikuwa nalo. Lengo letu lilikuwa siku moja tupige kilomita 50, ila kabla ya hapo tufanye jaribio la kilomita 20 tujue vifaa gani vinafaa na vipi ni vya kutupa.

Sasa mimi nikiamua kitu lazima nikisome. Wiki mbili nzima nasoma mabegi usiku, mke kalala mimi nasoma mabegi. Nikasoma kule Uholanzi kuna matembezi ya Nijmegen, yalianza 1909, watu wanatembea siku nne mfululizo, na wanajeshi wanaoshiriki lazima wabebe mzigo usiopungua kilo 10 na wanapimwa kwa mizani kabisa. Nikasoma wanajeshi wa Marekani nao wana mtihani wao wa maili 12, hizo ni kilomita 19 na ushee, na mzigo wa ratili 35 ndani ya masaa matatu. Nikapiga hesabu, ratili 35 ni karibu kilo 16. Nikasema hizo 16 ndio zangu.

Shemeji akaniambia, "Shem, mimi nilichosoma ni kwamba anayeanza abebe sehemu moja ya kumi ya uzito wake, wewe una kilo 84, beba 8 zako utulie."

Nikamwambia hiyo ni dozi ya wagonjwa.

Begi nililochagua, jamani, lilikuwa begi kweli. Mkanda wa kiunoni mpana kama mshipi wa bondia, kwa sababu uzito unatakiwa ulale kwenye nyonga sio mabega yabebe kila kitu, mkanda wa kifuani, mgongo wenye sponji, mshono mara mbili. Ila kilichonimaliza kabisa ni kitobo. Chini kabisa ya begi kulikuwa na kitobo kimezungushiwa kichuma cha duara, kazi yake ni mvua ikiingia ndani maji yatoke yasituame. Nilikipenda kile kitobo sijui nisemeje. Nilimwonyesha shemeji, nikamwonyesha mke, akija mgeni namgeuzia begi namwambia angalia hapa, waliotengeneza hili wamefikiria. Mtu wa kawaida anaangalia zipu na rangi, mimi naangalia kitobo.

Ikaja habari ya uzito wenyewe tuweke nini. Shemeji yeye akachukua madumu ya maji, anasema lita moja ni kilo moja, huhitaji hata mizani, halafu raha yake ukizidiwa njiani unamwaga unarudi mwepesi. Nilicheka mpaka machozi. Nikamuuliza, kumwaga? Mwanaume anatoka kwake na mzigo anaenda kuumwaga barabarani? Halafu maji yanachezacheza, yanakuyumbisha. Mimi nikasema mchanga. Mchanga umetulia, mchanga una heshima.

Na nikaufanyia kazi kitaalamu. Nikauanika juani siku tatu ukauke kabisa, maana mbichi ungeloanisha begi na uzito ungekuwa wa uongo. Ukawa mkavu, laini, ukiushika unapita kwenye vidole kama maji. Nikakata salfeti nikashona kifuko kwa mkono wangu mwenyewe, sindano na uzi, nikajaza, nikashona mdomo. Mke akautazama ule mshono akaguna tu. Begi na kila kitu nikaning'iniza kwenye mizani, 16 kamili, maji ya kunywa nje ya hesabu.

Shemeji akasema tena, huyu mtu ana maneno, "Shem, uzito unatakiwa ukae juu, karibu na mgongo, usawa wa mabega, sio uzame chini hivyo, weka taulo lililokunjwa chini ya mfuko uunyanyue." Nikamwambia taulo litaziba kitobo. Akaniangalia kwa muda, akasema sawa.

Viatu nilinunua asubuhi, vilikaa mguuni kama nimezaliwa navyo, hakuna hata pa kupitisha kidole. Baadaye ndio nikaja kujua viatu vya safari ndefu vinajaribiwa jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na unaacha nafasi mbele. Soksi za pamba, mpya, nyeupe. Majaribio nikafanya sebuleni, dakika 15 nazunguka meza nimevaa begi, nikapanda ngazi mara tatu. Nikatangaza vifaa vimepita.

Siku ya siku tukatoka bado giza. Niwe mkweli, kilomita nne za kwanza niliteseka. Begi linanivuta nyuma kama kuna mtu kaning'inia, mabega yanawaka moto, napumua kama jogoo anayekimbizwa, na apu ya kwenye simu inanisomea kila kilomita dakika 14. Shemeji pembeni na vidumu vyake vinalia chwa, chwa, chwa, ananipigia stori, mimi naitika kwa kichwa tu.

Mbele kidogo tukakuta mtaro. Shemeji akazunguka kwenye kidaraja kama mtu mwenye akili zake. Mimi nikaruka. Nikatua, ila matako ya begi yakagonga kingo ya zege, nikasikia kitu kama prrr hivi. Nikageuza kichwa, begi zima, mikanda ipo, tukaendelea.

Kilomita ya 7 nikaanza kujisikia vizuri. Ya 8 vizuri zaidi, mabega yamepoa. Nikamwambia shemeji unaona, mwili ukishazoea umezoea, ndio maana nilikataa kilo zako za wagonjwa. Nikaongeza mwendo. Akaniambia yeye anabaki na mwendo wake, tutakutana nyumbani. Nikamwacha, na kusema kweli nilimwacha kwa dharau kidogo, nilimpungia mkono bila kugeuka.

Kilomita ya 9 dakika 12. Ya 12, dakika 11 na nusu. Jamani nilikuwa napaa! Nikaanza kuwaza mambo makubwa, nikawaza Nijmegen, nikawaza wale wanajeshi na masaa yao matatu, nikasema kumbe ni kitu cha kawaida tu, wanatishia watu. Kila nikitembea begi linazidi kuwa jepesi, na mimi akili yangu yote ikaniambia jambo moja tu, umeiva.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Huku nyuma kwenye suruali nilikuwa nawashwa, nikajua jasho likikauka linaacha chumvi. Ndani ya viatu kulikuwa na kitu kinasaga saga, nikajua ni soksi mpya zinajizoeza. Kisigino cha kulia kikaanza moto, ule moto ambao kila anayetembea atakuambia ukiusikia tu simama hapohapo, vua kiatu, kausha, bandika plasta, kwa sababu dakika tano za kusimama zinakuokoa na lengelenge la wiki. Nilikuwa najua hilo. Nilikuwa nimelisoma! Ila apu imetoka kusema dakika 11, utasimamaje? Nikakanyaga.

Kilomita ya 14 nikaingia kichakani kujisaidia, haja ndogo, nikatoka, nikaendelea. Hii ikumbukeni.

Kilomita ya mwisho nilitumia dakika 10 na sekunde 40. Nikaingia getini kifua mbele, nachechemea mguu mmoja ila nachechemea kwa fahari. Mke akatoka na chai mkononi, akauliza mwenzako yuko wapi, nikamwambia yule atafika kesho. Nikakaa kibarazani na begi langu pembeni nikaanza kutoa somo, jinsi mwili unavyobadilika, jinsi kilo 16 zinavyoanza kuwa kama kilo 5 ukiwa na moyo wa chuma. Nilisema hivyo. Kama kilo 5.

Dakika 35 baadaye shemeji huyo, anatembea taratibu, vidumu chwa, chwa. Hakusalimia. Alikuwa na sura ya mtu aliyecheka akiwa peke yake njia nzima mpaka mbavu zimeisha. Akakaa, akanywa maji, akasema kwa upole kabisa, "Shem, si ulisema wale wa Uholanzi wanapimwa? Hebu na sisi tupime."

Nikasema leta mizani! Tena kwa sauti, majirani wasikie.

Begi lake kilo 8, kama lilivyotoka. La kwangu nikalining'iniza mwenyewe, mshale ukapanda, ukasimama kwenye 7.

Nikasema mizani mbovu. Nikalitoa nikalirudisha, 7. Nikasema mizani imepigwa na jua. Mke akasema mizani iko kivulini. Nikafungua begi, nikatoa kifuko changu cha salfeti, kimesinyaa kama puto la juzi, na chini, palepale kwenye mshono wangu wa mkono, tundu la kupitisha kidole. Nikainua begi juu. Kwenye kile kitobo changu kipenzi, kile kichuma cha duara, ukateremka uzi mwembamba wa mchanga, ssssss, ukatua kibarazani mbele ya mke wangu.

Hakuna aliyeongea.

Ndio shemeji akatoa simu. Ana picha kumi na kitu. Anasema alipoona msitari wa mchanga barabarani alijua ni tipa limepita limejaa linamwagika, akawa anaufuata bila kuwaza, anajiambia tu hili tipa nalo linaenda njia yetu. Akashangaa limepita juu ya kibao cha mtaro mwingine ambacho hata pikipiki haipiti. Akasema labda sio tipa, labda ni toroli. Mpaka alipofika sehemu msitari ukakata kona, ukaingia kichakani, na kule ndani, nyuma ya mti, kuna kichuguu kidogo kizuri cha mchanga kama cha mtu aliyesimama dakika nzima, halafu msitari unatoka tena unaendelea na safari. "Hapo ndio nikajua," anasema, "kwa sababu tipa haliendi kukojoa."

Mke wangu ilibidi aingie ndani. Tulimsikia huko chumbani.

Na shemeji ni mwalimu wa fizikia, kwahiyo mateso hayakuishia hapo. Akachukua kalamu. Umepoteza kilo 9, begi uligonga pale mtaroni, kilomita ya 5, umetembea nao kilomita 15, kwahiyo ulikuwa unamwaga gramu 600 kila kilomita. Akanieleza na habari ya kwamba mchanga sio kama maji, maji yakipungua kwenye dumu kasi ya kutoka inashuka, lakini mchanga unatoka kwa mwendo uleule uwe mwingi uwe kidogo, ndio maana watu wa zamani waliweza kupimia saa kwa mchanga. "Kwahiyo shem," akasema, "wewe leo hukutembea na begi, umetembea na saa."

Sasa sio mchanga wote ulifika barabarani. Nilipovua viatu kila kimoja kilitoa mchanga wa kutosha kupanda mche. Soksi za pamba zimelowa jasho, zimeshika mchanga, zimegeuka msasa, nami nimejipiga msasa kilomita 15. Kisigino lengelenge la ukubwa wa kizibo cha soda, kingine vidogo vitatu, na kidole gumba kucha imeanza kuwa ya zambarau kwa sababu ya vile viatu vya asubuhi. Habari ya suruali huko nyuma sitaieleza, ila siku nne nilikuwa nakula nimesimama, na mafuta ya mgando yaliisha kopo.

Vidonda vilipopona nikarudi upya. Chuma bapa cha kilo 8 nimekifunga kwenye taulo, nimekipandisha juu karibu na mgongo kama nilivyoambiwa mwanzo. Soksi za sufu, na ndani yake nyingine nyembamba za nailoni ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi sio soksi na ngozi. Viatu nimeenda kununua jioni, namba moja juu. Kitobo nimekiziba kwa tepu, mara tatu.

Jumamosi iliyopita tukatoka tena. Shemeji safari hii anatembea nyuma yangu, anasema ni kwa ajili ya usalama wa barabara. Kilomita ya 12 nikasikia ile hali, mabega yamepoa, begi limekuwa jepesi, miguu inakwenda yenyewe. Nikasimama ghafla nikashika begi kwa nyuma.

"Shem, hebu niangalie huko, nasikia wepesi."

Akainama akaangalia begi, akaangalia barabara tulikotoka, akachukua muda wake.

"Hakuna kitu shem. Tunateremka mlima."